Swali Ambalo Hakuweza Kuliuliza Kanisani

"Dokta, wewe ni Mwislamu, kwa hiyo nadhani hutanihubiria. Naomba nikuulize kitu. Mungu anaweza kumkasirikia mtu mpaka akamfelisha mtihani?"

Aliyeniuliza ni mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, msichana kutoka Nyanda za Juu Kusini, mmoja wa wale ninaowasimamia wanapojifunza wodini hapa Dar es Salaam. Matokeo yalikuwa yametoka asubuhi ile. Alikuwa amepata sapu mbili (mitihani ya kurudia baada ya kufeli), patholojia na famakolojia, na kwa utaratibu wa chuo chake akishindwa tena atarudia mwaka au atadisko, yaani kuondolewa chuoni kabisa. Raundi ilikuwa imekwisha na wenzake walikuwa wameteremka kunywa chai. Yeye alibaki kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, koti lake jeupe amelikunja mapajani.

Nilianza na habari za sapu, kwa sababu hizo nazimudu: jinsi ya kugawa wiki zilizobaki, mwalimu gani wa kumwendea, na kwamba mabingwa wengi wanaoheshimiwa leo walipita hapo hapo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza.

"Hayo nimeyaelewa, dokta. Mimi nimeuliza kuhusu Mungu."

Tulizungumza mpaka wenzake wakarudi. Lakini kilichonikaa moyoni wiki zote zilizofuata si jibu nililompa. Ni ile sentensi yake ya kwanza. Msichana huyu ni kiongozi wa maombi katika umoja wa wanafunzi Wakristo chuoni kwake. Ana mchungaji anayemfahamu kwa jina, ana mlezi wa kiroho, ana wenzake anaosali nao kila alfajiri. Kati ya watu wote hao hakumwona hata mmoja wa kumuuliza swali lile, akalileta kwa mtu wa dini nyingine.

Kwa nini?

(Amesoma makala haya kabla sijayatoa, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.)

## Alama kama jibu la maombi

Wengi mnaosoma hapa mmesomea udaktari, kwa hiyo sitasimulia urefu wa kozi ya miaka mitano, mwaka wa mafunzo kwa vitendo unaofuata, wala bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, linalochelewa. Nitasema jambo moja ambalo huwa tunalipita haraka: mwanafunzi wa udaktari wa kwetu huanza chuo akiwa tayari na tafsiri ya kidini ya alama zake.

Msichana huyu alimaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza la pointi tatu. Usharika wao ulifanya ibada ya shukrani, waumini wakachangishana nauli na godoro, na mzee wa kanisa akasimama kusema kwamba Mungu amewapa daktari. Kwetu Tanga mambo yalikuwa hivyo hivyo. Nilipopata nafasi ya kusomea udaktari, bibi yangu, Mungu amrehemu, alifukiza ubani akaita majirani kusoma dua, na kila aliyeondoka na halua mkononi aliondoka akisema kwamba Mola amenifungulia njia. Sioni kosa katika shukrani hizo. Zilinibeba miaka mingi, na yeye pia zilimbeba.

Lakini ndani yake kuna mkataba ambao hakuna aliyeuandika: alama nzuri ni jibu la Mungu. Mkataba huo hauna taabu shuleni, ambako huyu alikuwa wa kwanza tangu akiwa mdogo. Chuoni unakaa katika darasa ambalo karibu kila mtu alikuwa wa kwanza kwao, na darasa la namna hiyo lazima lipate wa mwisho. Siku alama zinaposhuka, yule aliyefundishwa kuzisoma kama sauti ya Mungu huendelea kuzisoma hivyo hivyo. Hapo ndipo sapu inapogeuka kuwa hukumu.

## Kauli 14

Katika kutafuta jibu nilirudi kwenye kazi za Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State katika jimbo la Ohio, Marekani. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakiuliza kama mtu ana dini au hana, anasali mara ngapi kwa wiki, anakwenda kanisani au haendi. Pargament, ambaye mwaka 1997 alikusanya kazi yake katika kitabu kizima kuhusu dini na namna watu wanavyokabiliana na shida, aliuliza jambo jingine: shida inapomfika mwenye imani, anaitumiaje imani yake?

Yeye na wenzake walitengeneza kipimo kifupi chenye kauli 14. Saba zinahusu imani inayotegemeza: kumtafuta Mungu akupende na kukujali, kutaka kufanya mpango wako pamoja naye, kuomba msamaha, na mengine ya aina hiyo. Saba zilizobaki zinahusu mapambano: nimejiuliza kama Mungu ameniacha, nimehisi naadhibiwa kwa sababu ya upungufu wa ibada yangu, nimeshuku upendo wake, nimejiuliza kama kanisa langu limenitupa, nimeamua kwamba hili ni la shetani.

Niliposoma zile saba za pili nilimwona msichana wa kwenye benchi karibu katika kila mstari.

Jambo ambalo nadhani wengi hatulitilii maanani ni kwamba mafungu haya mawili hayapingani kama mchana na usiku. Mtu yule yule anaweza kuwa nayo yote kwa wakati mmoja. Anaweza kuamka saa kumi alfajiri kila siku, akasali kwa machozi, akafunga kila Ijumaa, na wakati wote huo akaamini kwamba anayemwomba amemgeuzia uso. Ukimpima kwa wingi wa ibada zake utasema kijana huyu ana nguvu kubwa. Ukimuuliza anamwona Mungu yuko upande gani, utasikia habari nyingine kabisa.

Mwaka 2005 Gene Ano na Erin Vasconcelles walikusanya matokeo ya tafiti 49 za aina hii. Kwa ujumla, imani inayotegemeza ilikwenda pamoja na hali njema ya mtu, na imani iliyojaa mapambano ilikwenda pamoja na wasiwasi, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na msongo wa mawazo. Nyuma kidogo, mwaka 2001, Pargament na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo ya wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliofuatiliwa kwa takriban miaka miwili. Wale walioingia hospitalini wakihisi Mungu amewaacha au hawapendi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki, hata baada ya kuzingatia ukali wa maradhi yao. Hao walikuwa watu wazima na wagonjwa, si vijana wa chuo, na sitaki kulinganisha visivyolingana. Ninachosema ni kwamba swali "Je, Mungu ameniacha?" si la kiroho tu. Mwili nao unalisikia.

Sasa liweke swali hilo kando ya takwimu ambayo walimu wote wa udaktari tunapaswa kuijua. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa Lisa Rotenstein na wenzake uliokusanya tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi zaidi ya 40. Wenye sonona au dalili zake walikuwa asilimia 27.2. Waliokuwa na mawazo ya kujiua walikuwa asilimia 11.1. Na kati ya wale waliokutwa na dalili za sonona, waliotafuta matibabu ni asilimia 15.7 tu.

Waliobaki wanakwenda wapi?

Kwingine sijui vizuri, lakini hapa kwetu jibu ninaliona kwa macho. Wanakwenda kwenye maombi. Wanakwenda kwa kasisi, kwa sheikh, kwa mwombaji aliyesifiwa na shangazi, na zaidi ya wote wanakwenda kwa wanafunzi wenzao walio katika vikundi vya dini vya wanafunzi, vya Kikristo kama USCF, TMCS na CASFETA, vya Kiislamu kama TAMSYA, na vingine visivyo na jina rasmi, vinavyokutana chini ya mti nyuma ya hosteli. Kwa hiyo maneno yanayosemwa katika vikundi hivyo si pambo la maisha ya chuo. Kwa vijana wengi ndiyo tiba pekee watakayoipata mwaka ule.

## Waliofaulu waliitwa mbele

Nilirudi kwa yule msichana nikamuuliza waziwazi kwa nini hakumwendea mlezi wake. Alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia Jumapili iliyofuata matokeo.

Ilikuwa ibada ya shukrani. Yeye ndiye aliyeongoza sala ya kufungua, kwa sababu zamu ilikuwa yake na hakutaka kueleza sababu ya kuikataa. Baada ya sifa, kiongozi aliwaita mbele wote waliofaulu. Wakapanda mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Kijana mmoja, rafiki yake wa karibu, alisema kwa furaha ya kweli: "Mungu hamwachi mtoto wake aaibike."

Watu wakaitikia amina. Naye akaitikia amina.

Alikaa hapo mpaka mwisho wa ibada akiwa na sapu mbili mfukoni, na kila amina iliyosemwa ilikuwa ikimjibu swali ambalo hajaliuliza. Baada ya hapo, aliniambia, hakuwa na mahali pa kuanzia. Angemwendeaje mlezi na kumwambia kwamba yeye ndiye mtoto aliyeachwa aaibike?

Hakuna aliyekusudia kumuumiza, na yule kijana alikuwa na kila haki ya kushukuru. Hata hivyo, kwangu hapo ndipo jambo lote lilipogeuka. Nilikuwa nikidhani tatizo ni imani ya msichana mmoja, au pengine mafundisho ya mhubiri mmoja. Nikaanza kuona kwamba ni suala la nani anapewa nafasi ya kusema. Jumuiya inayosikia ushuhuda wa waliopona peke yao humfundisha mgonjwa kujificha, na haihitaji kumhubiria hata neno moja baya.

Nisije nikafikiri upande wetu ni salama, nilikwenda kuwauliza vijana Waislamu ninaosali nao Ijumaa. Mmoja wao, mpole na mwenye bidii, alinisomea lile shairi maarufu linalonasibishwa na Imamu Shafi, linalosema kwamba alimshitakia mwalimu wake udhaifu wa kumbukumbu, akaelekezwa aache maasi, kwa kuwa elimu ni nuru na nuru ya Mungu haipewi mwenye kuasi. Tumelisoma sote madrasa, na kwa mtoto mtundu lina faida yake. Lakini kijana huyu alikuwa amefeli biokemia, na kwa mwaka mzima alikuwa akijichunguza atafute dhambi iliyomfungia mzunguko wa Krebs, mada ya biokemia kuhusu namna seli zinavyopata nishati. Kila alipokosa kuipata alizidi kuogopa, maana dhambi isiyoonekana huenda ndiyo kubwa zaidi.

Naye hakuwa amemwambia mtu.

## Mtihani na usingizi

Mwaka 1988 Pargament na wenzake walieleza namna tatu ambazo waumini hutumia kutatua matatizo. Kuna anayefanya mwenyewe, akiamini Mungu alishampa akili ya kufanyia. Kuna anayemwachia Mungu kila kitu akasubiri. Na kuna anayefanya kazi pamoja na Mungu, kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja. Katika utafiti wao, waliomwachia Mungu kila kitu walijiona dhaifu zaidi katika kukabili mambo yao, na wale wa ushirika walijiona imara zaidi.

Nasema hili kwa sababu ya mikesha. Katika wiki ya mitihani kuna wanafunzi wanaoomba usiku kucha, wakaingia kwenye chumba cha mtihani saa tatu asubuhi na macho mekundu. Sote tunawafundisha kwamba ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa kulala, kisha tunanyamaza wanapoutoa usingizi wao sadaka usiku ule wanaouhitaji kuliko usiku mwingine wowote. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee, au amwache huru na ategemee. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Kasisi mmoja rafiki yangu alinikumbusha kisa cha Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme: nabii amechoka mpaka anaomba afe, analala chini ya mti, na malaika anapokuja hamkemei kwa kukata tamaa. Anamgusa na kumwambia ale. Anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo kuhusu kazi yake yanakuja baadaye, akiwa ameshiba na amelala.

Sidai kwamba sala haina kazi mwilini. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ jaribio la watu 23 wenye afya, waliopimwa wakisali rozari kwa Kilatini au wakikariri mantra ya yoga (maneno yanayorudiwarudiwa). Pumzi zao zilishuka mpaka karibu sita kwa dakika, na mfumo wa neva unaorekebisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu ukafanya kazi vizuri zaidi. Nawajua wanafunzi Wakatoliki wanaosali fungu moja la rozari kabla ya mtihani wa mdomo. Wakiingia mbele ya watahini sauti zao zimetulia. Dakika chache, na usingizi wao haukuguswa.

## Mtoto anapokufa

Mtihani una namna ya kujiandalia. Kifo cha mgonjwa wako wa kwanza hakina, na hapa ndipo nilipolazimika kupunguza ukali wangu juu ya wale wanaomwachia Mungu kila kitu.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu hukutana na kifo ghafla. Mwaka uliotangulia, maiti pekee waliyoijua ilikuwa ile ya maabara ya anatomia, isiyo na mama. Sasa kuna mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali na upungufu wa damu, ambaye jana alimshika mwanafunzi kidole alipokuwa akimsikiliza kifua. Amepewa dawa, amepewa damu, na alfajiri amefariki. Tunawafundisha kujaza fomu. Hatujawafundisha wafanye nini na mikono yao, wasimame wapi, waangalie wapi.

Anayejua ni sista mkuu wa wodi, mama wa makamo ambaye ameona mengi kuliko sisi sote. Humfunika mtoto, humgeukia mama, huuliza dini yake kwa sauti ya chini. Kama ni Mwislamu husema innalillahi pamoja naye, ingawa yeye mwenyewe ni Mmoravia. Kama ni Mkristo husema maneno ya Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wanafunzi husimama nyuma yake. Nimewatazama nyuso zao katika dakika hizo, na naamini wanapokea kitu ambacho hakimo katika mtaala wetu: ruhusa ya kukiri kwamba tumefika mwisho wa uwezo wetu, na kwamba mwisho huo una maneno ya kusemwa na watu wa kuyasema nao.

Kwenye jambo lisilo mikononi mwako, kuachia ni busara. Mtihani wa famakolojia uko mikononi mwako kwa sehemu kubwa. Kifo cha mtoto yule hakikuwa.

Na bado haiwi rahisi. Kijana mmoja aliniambia kwamba alikuwa amefunga siku mbili kwa ajili ya mtoto, bila kumwambia yeyote. Mtoto alipokufa aliacha kufunga, na hajafunga tena. Aliniambia bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa. Sikuwa na la kumwambia, wala sidhani alilitaka. Alitaka ijulikane kwamba alifunga.

## Mashaka yangu

Kuna mambo ambayo siwezi kuyafunika kwa sababu tu yanavuruga hoja yangu.

La kwanza ni la vipimo. Kipimo cha ustahimilivu kinachotumika sana duniani ni kile cha Kathryn Connor na Jonathan Davidson cha mwaka 2003, chenye kauli 25. Moja ya kauli hizo inauliza kama mtu anaamini kwamba majaliwa au Mungu anaweza kusaidia. Maana yake, mwenye imani anaongezewa alama za ustahimilivu kwa kuamini kwenyewe, halafu tunashangaa kuona imani na ustahimilivu vinakwenda pamoja. Kipimo kifupi cha kauli 10 kilichotolewa mwaka 2007 hakina kauli hiyo. Kwa hiyo ninaposoma kwamba wanafunzi wacha Mungu ni wastahimilivu zaidi, naangalia kwanza ni kipimo gani kilichotumika.

La pili ni zito zaidi. Je, kuamini kwamba Mungu amekuacha huleta sonona, au sonona ndiyo inayozungumza kwa maneno ya dini? Hatia isiyo na msingi na kujiona hufai ni dalili za ugonjwa huo, tunazifundisha darasani. Kwa mtu aliyelelewa kanisani au msikitini, kujiona hufai kutavaa nguo gani kama si nguo za dhambi? Msichana wangu alikuwa halali vizuri, hali chakula, na alikuwa ameacha kuimba kwaya. Nilipoliona hilo sikumjadilia tena teolojia. Nilimwomba akubali kuonana na daktari wa afya ya akili, akakubali, na anaendelea na kliniki. Anaendelea pia kusali. Sikuona sababu ya kumchagulisha.

La tatu linahusu familia, na hapa fikra zangu zimebadilika. Mama yake aliposikia habari za sapu alimtumia mafuta ya upako kwa basi, akimwambia kuna ndugu asiyependa maendeleo yao. Kwetu pwani wangesema jicho, na angenyweshwa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya. Zamani nilikuwa nikiyaona haya kuwa madhara matupu. Sasa naona pia kwamba mama yule alikuwa akimwambia mwanawe jambo ambalo Jumapili ile haikumwambia: si kosa lako. Anaondolewa hatia, lakini anapewa hofu mahali pake, na anarudi likizo akimtazama shangazi yake kwa jicho jingine. Bei hiyo ni kubwa. Ila ukitaka kumwondoa mtu kwenye maelezo ya kurogwa ni lazima uwe na njia nyingine ya kumwambia kwamba hakustahili yaliyompata, na mara nyingi sisi madaktari hatuna.

Na la nne, ambalo nalisema kwa uongozi wa vyuo vyote na si kwa kimoja: vijana wasiombwe kustahimili kile ambacho kinaweza kurekebishwa. Ratiba inayoweka mitihani mitatu mikubwa ndani ya siku nne haihitaji maombi, inahitaji kikao.

## Malalamiko yaliyomo ndani ya Kitabu

Nilipomuuliza msichana yule kama amewahi kumwambia Mungu kwamba ana hasira naye, alishtuka. Alisema hiyo ni dhambi.

Nikamuuliza kuhusu Zaburi ya 22. Anaijua: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Huimba sehemu zake Ijumaa Kuu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba maneno hayo yanaweza kuwa yake siku ya Jumatatu, wodini. Yule rafiki yangu kasisi anasema kwamba maombolezo ndiyo aina ya zaburi inayojitokeza mara nyingi kuliko nyingine zote, na kwamba makanisa mengi ya vijana huimba sifa wiki nzima na kuyaacha maombolezo kwa misiba. Alilisema kwa huzuni, naye ndiye mlezi wa vikundi vitatu.

Kwetu ni vivyo hivyo. Wahyi ulipokatika kwa muda na watu wakasema Muhammad ametupwa na Mola wake, iliteremka sura ya Adh-Dhuha: Mola wako Mlezi hakukuacha, wala hakukasirika nawe. Aya hiyo inajibu neno kwa neno ile kauli ya kwanza ya mapambano katika kipimo cha Pargament. Na Nabii Yaakub, aliyelia mpaka macho yakapofuka, alipolaumiwa na wanawe alisema kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Huzuni yake hakuitafutia dhambi, wala hakuificha ili aonekane mwenye subira. Aliipeleka pale pale ilikodhaniwa kuwa haifai kupelekwa.

Nimemweleza hivyo yule kijana wa biokemia. Aliniambia atakwenda kuisoma tena sura ya Yusuf.

## Tulipofikia

Kasisi, imamu wa msikiti wa karibu, viongozi wa vikundi vitatu vya wanafunzi na mimi tumeanza kukutana. Nilipeleka mambo matatu.

Kwanza, ibada ya baada ya matokeo iwe na nafasi ya wenye sapu kusema, na si kuombewa kwa jumla wakiwa wamekaa nyuma. Wanaotaka wasimame, waseme ilivyo, na hakuna atakayewajibu kwa aya. Pili, viongozi wa maombi wafundishwe dalili za sonona na maneno ya hatari, wajue mtu gani anahitaji kusindikizwa kliniki siku ile ile, na wajue kwamba kumsindikiza ni sehemu ya maombi yao. Tatu, mkesha wa mitihani usogezwe wiki moja kabla, na usiku wa kuamkia mtihani sala ziishe saa tatu.

Mawili ya kwanza yamekubaliwa. La tatu limekataliwa na viongozi wote watatu, Wakristo kwa Waislamu, na sababu yao si nyepesi. Wanasema usiku ule ndio wenye hofu kuliko yote, na kwamba mwanafunzi anayerudishwa chumbani saa tatu halali. Anakaa peke yake mpaka asubuhi. Msichana wangu ndiye aliyelisema hilo kwa nguvu zaidi. Imamu anapendekeza wabaki pamoja mpaka saa tano, bila vipaza sauti, kisha walale palepale ukumbini kwenye mikeka. Kasisi anaelekea kukubali. Mimi bado nahofia kwamba ukumbini hakutalalika, na nimeomba tujaribu usiku mmoja kabla ya sapu ili tuone ni wangapi watakaopata usingizi.